Seva ya Sebuleni na Stima Isiyoaga

Huku Bumala stima haiagi ikiondoka, wala haibishi hodi ikirudi. Jioni moja ya mvua ilikatika mara 3 kabla ugali haujaiva. Kila ilipokatika niliinama kuchungulia chini ya meza ya televisheni, ambako laptopu kuukuu ya mitumba inafanya kazi ya seva. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka tu.

Seva yenyewe si ya makuu. Inahifadhi picha za familia, hesabu za duka, mitihani ya zamani ya watoto, na Wikipedia ya Kiswahili inayosomwa kwa programu ya Kiwix bila kugusa bando. Simu yoyote iliyoshika waifai ya nyumba inaifikia. Kupata mashine hakukunisumbua. Kilichonikosesha usingizi ni mfumo endeshi, ile programu mama inayoamua nani atumie diski na nani asubiri.

Laptopu ilikuja na Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na mashine ya rika hili haina. Basi nikageukia Linux, ambayo kiini chake kilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki.

Jirani yangu fundi alinisihi ninunue Raspberry Pi, kompyuta inayokaribia kadi ya benki kwa ukubwa, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Hoja yake ilikuwa tokeni za stima. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 usiku na mchana humaliza uniti 43 kwa mwezi. Ya wati 5 haifikishi hata 4. Hapo sikuwa na la kumjibu. Lakini matoleo ya Pi kabla ya la tano hayana saa ya ndani, huuliza saa mtandaoni. Stima ikirudi na intaneti haipo, kifaa huamka kikidhani bado ni karibu na ile saa kilipozimika, na faili zote mpya hupigwa tarehe ya uongo. Laptopu ina kibetri cha duara kinachoitunzia saa, na betri kubwa juu yake. Kioo kikizimwa, yangu hula wati 10 hivi. Nikabaki nayo.

Swali la maana kwangu likawa hili: stima ikikatika katikati ya kuandika, diski inabaki katika hali gani? Chukua mwuza nafaka sokoni. Kabla hajahamisha magunia kutoka ghala la nyuma, anaandika kwenye daftari: natoa 3 nyuma, naweka mbele. Akimaliza anaufuta ule mstari. Giza likimkuta njiani, asubuhi anasoma daftari tu. Hana haja ya kuhesabu ghala zima. Ndivyo ext4, mpangilio wa faili ulioingia rasmi kwenye Linux mwaka 2008, unavyotunza jarida lake. Tahadhari moja: kwa kawaida jarida hilo huandika mpangilio, si yaliyomo. Ghala litasalimika, lakini gunia lililokuwa begani huenda likamwagika.

ZFS ni mjanja zaidi: haiandiki juu ya data ya zamani, huandika mpya pembeni, kisha ndipo huhamisha alama inayoonyesha data iko wapi. Niliitamani sana. Ila TrueNAS, mfumo wa seva uliojengwa juu yake, unataka kumbukumbu ya gigabaiti 8, nami nina 4. Niliiacha shingo upande.

Wakabaki ndugu wawili wa Linux. Debian ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock. Ubuntu ilizaliwa kutokana nayo mwaka 2004, chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake halihitaji mkalimani kwa anayejua neno utu, au omundu la Wamarachi wa hapa. Ubuntu ya seva hujipakulia viraka vya usalama bila kuulizwa. Kwa mwenye intaneti isiyo na kikomo hiyo ni baraka. Mimi naishi kwa bando. Debian niliyoisimika bila madirisha wala mapambo hungoja amri, nami huipa Jumapili usiku. Nikisahau, mlango uko wazi, kwa hiyo simu yangu hunipigia kengele. Hata hivyo, kama fundi wako wa karibu anajua Ubuntu, chukua Ubuntu. Debian isiyo na wa kuifungua siku ikikwama ni mzigo.

Jioni ile ya mvua, stima ilipokatika mara ya tatu haikurudi hadi usiku wa manane. Betri ilivumilia kama dakika 40, na ilipofika asilimia 20 Debian ikafunga faili na kujizima, kama nilivyoiagiza. Kuamka yenyewe stima ikirudi, laptopu hii haiwezi. Huwashwa kwa kidole na yeyote anayetangulia kuamka kuchemsha chai.