Moto wa Oktoba, tope la Desemba

KOROSHO zinapoanza kuanguka, moshi nao huonekana kwenye miteremko ya Newala na Masasi. Mwingine umetoka kwa mtu anayeandaa shamba la ufuta, mwingine kwenye tanuri la mkaa, mwingine kwa vijana wanaowinda panya. Hasara ya moto huo huhesabiwa papo hapo: mikorosho mingapi imeungua na nani atamlipa nani. Ipo hasara ya pili inayoshuka na mvua za kwanza, na hiyo mara nyingi haina wa kuidai.

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Juu kuna udongo mwekundu wa kichanga unaonyonya maji haraka, ndiyo maana mito ni adimu. Mjerumani Karl Weule aliyefika huko mwaka 1906 alikuta watu wakishuka bondeni kutafuta maji, na kilio cha maji hakijaisha hadi leo. Ukingoni ardhi hukatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma na upande wa Masasi, ambako milima ya mawe imesimama mmoja mmoja juu ya mashamba.

Udongo wa aina hii hulindwa na vitu vitatu: majani ya miti yanayopunguza kishindo cha matone, takataka za majani yaliyooza chini, na mizizi. Moto mkali huondoa viwili vya kwanza kwa siku moja. Zaidi ya hapo, nta iliyomo kwenye majani huyeyuka, ikageuka mvuke na kuganda tena chini kidogo ya uso wa udongo. Udongo uliokuwa ukinywa maji kama sifongo huanza kuyakataa. Maji yanayokataliwa hukimbia juu ya ardhi, hukusanya majivu na mchanga, hufuata korongo, na kama mteremko ni mkali hugeuka uji mzito unaobeba mawe na magogo.

Mkulima anaweza kujipimia mwenyewe. Baada ya moto, afagie majivu kidogo na kumwagia maji juu ya udongo mkavu. Yakisimama kama shanga kwa muda bila kuzama, mteremko huo ni wa kuogopwa.

Si kila moto una madhara sawa. Moto wa majani unaopita haraka mwezi Juni au Julai, mimea ikiwa bado na unyevu, haupashi udongo joto sana, na majani huwahi kuchipua. Moto wa Septemba na Oktoba hukuta kila kitu kimekauka, hasa vichaka vizito na kuni zilizolundikwa. Tena huacha wiki chache tu kabla ya mvua, ambazo kusini huanza Novemba au Desemba.

California nchini Marekani walilipia muda mfupi kama huo. Moto mkubwa uliunguza milima iliyo juu ya mji wa Montecito Desemba 2017. Alfajiri ya Januari 9, 2018, mvua kali ya muda mfupi ilishusha tope na majabali hadi majumbani, na watu 23 wakafa.

Hapa nchini watu hukumbuka zaidi Hanang, ambako Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka mlimani viliuzika mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua zaidi ya watu 80. Huko moto haukutajwa kuwa chanzo, bali mwamba na udongo dhaifu vilivyolewa maji. Mfano unaomhusu zaidi mkulima ni wa Mgeta, milima ya Uluguru. Februari 23, 1970 mvua ya takriban milimita 100 kwa muda usiozidi saa tatu ilisababisha maporomoko madogo zaidi ya 1,000. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp walipoyahesabu, karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na majani. Yaliyotokea ndani ya msitu hayakufika asilimia moja.

Uwanda wa Makonde si Uluguru, na mvua zake ni chache zaidi. Kwenye kingo za Newala cha kutegemea ni mchanga na tope kuliko majabali. Lakini mchanga unatosha kufukia miche ya mikorosho, kuchafua kisima cha bondeni na kuziba makalavati. Barabara ikifungwa Desemba, lori la korosho hukwama njiani wakati minada bado inaendelea. Masasi kuna hatari nyingine: mwamba mtupu hautunzi maji, huyamwaga yote chini kama bati la nyumba. Kichaka kilicho miguuni mwa mlima ndicho kinachoyapokea, nacho kikiungua shamba la mihogo lililo chini yake halina ngao.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima kuhusu uchomaji wa mimea na vibali vyake. Ugumu uko kijijini, kwa sababu anayewasha anaishi juu na anayefukiwa yuko chini, pengine kijiji kingine. Sheria ndogo inayotungwa na kijiji kimoja bila jirani yake haifiki mbali.

Moto ukishapita, kazi ya kwanza ni kuacha visiki. Miti mingi ya miombo huchipua upya kutoka kwenye kisiki, na mizizi yake hushikilia udongo. Anayeving'oa kwa ajili ya mkaa anamalizia kazi ya moto. Mti uliokufa kabisa mizizi yake huoza polepole, kwa hiyo hatari inaweza kudumu miaka kadhaa. Magogo yaliyoungua yalazwe kukingama mteremko, yakigusa ardhi vizuri, ili yakamate mchanga. Kitalu cha miche, ghala la muda la magunia na kibanda cha kulala shambani visikae mdomoni mwa korongo ambalo juu yake pameungua, hata kama mwaka jana palikuwa salama. Mifereji na makalavati yazibuliwe kabla ya Novemba kwisha, maana tope likishaganda ndani, jembe la mkono haliwezi kulitoa kabla ya mvua inayofuata.