MAREKANI AU ULAYA? KIJANA, UTARUSHA NDEGE YA NANI?

Wakazi wa Dodoma mnalijua hili: ikipita ile pangaboi ya Air Tanzania juu ya mabati, kila mtoto anataka urubani. Poa! Lakini siku mshua atakapokubali kuuza shamba la zabibu ili wewe uende majuu kusomea ndege, swali linabaki: Marekani au Ulaya?

Marekani ina raha zake. Florida na Arizona jua halikosekani, hivyo unaruka mara kwa mara. Mitihani ya kuandika nayo ni michache, kawaida mmoja kwa kila hatua. Ila andaa saa za kuruka: leseni ya biashara kwa kawaida inadai saa 250.

Ulaya ni kitabu kwanza, bwana. Anayelenga mashirika ya ndege anakalia masomo 13, kuanzia sheria za anga mpaka hali ya hewa. Saa ni pungufu: 150 kwa kozi ya mfululizo, 200 kwa anayesoma hatua kwa hatua. Tena angalia, Uingereza ilijitoa EASA, mamlaka ya anga ya Ulaya, mwishoni mwa 2020. Leseni ya London siyo tena leseni ya Paris.

Na ukija na ya Marekani ukitaka ya Ulaya? Kwa kawaida unarudi darasani, ile mitihani 13 inakungoja.

Sasa sikia wengi wanapoumia: leseni siyo kibali cha kazi. Viza ya M-1 ya wanafunzi wa ufundi haikupi ajira ya kudumu Marekani, na Ulaya bila haki ya kufanya kazi utaishia getini. Kwa hiyo wengi mtarudi nyumbani, na ndege zetu, zile zenye namba ya 5H, zinataka leseni ya TCAA au inayokubaliwa nayo.

Basi anzia TCAA kabla shamba halijauzwa. Uliza kama shule hiyo inakubalika, na ukirudi utafanya mitihani gani. Kapime afya ya daraja la kwanza kabla ya ada, maana macho yakigoma hakuna urubani wa abiria.

Ukiniuliza mimi: mwenye haki ya kuishi Ulaya asome Ulaya. Wewe wa kurudi Bongo, chagua shule ambayo TCAA inaikubali na mfuko wa mzee unaimudu mpaka saa ya mwisho. Kuishiwa hela ukiwa na saa 90 ni balaa: leseni huna, zabibu huna!