Kinyonga wa Njiani Lushoto: Mtambue Kabla ya Kulipa

Mgeni anayetembea katika njia za Magamba au Irente anaweza kukutana na mnyama atambaaye ambaye hajawahi kumwona. Huenda akamwona mwenyewe tawini. Huenda pia akaletewa juu ya kijiti na kuambiwa kwamba ni adimu sana, na kwamba picha ina bei yake. Katika hali hizo mbili tunamshauri mlaji atazame kwanza.

Rangi isikupumbaze. Kinyonga hubadili rangi kwa joto, mwanga na hofu. Aliyekuwa kijani kibichi tawini huweza kuwa mweusi mkononi mwa mtu, na usiku akilala hupauka. Pua ndiyo shahidi bora. Dume wa Usambara Magharibi, aitwaye kitaalamu Kinyongia multituberculata, ana pembe mbili bapa zenye magamba, zilizotokeza mbele sambamba. Mwenye pembe tatu nyembamba, na mgongo uliosimama kama tanga, ni dume wa Trioceros deremensis. Jike wake hana pembe hata moja. Aliye mdogo kama kidole, mwenye sura ya jani kavu, si lazima awe mtoto: wapo vinyonga wa jamii ya Rhampholeon ambao ukubwa wao huishia hapo.

Mahali nako kuna uzito. Bonde la Lwengera hutenganisha Usambara Magharibi na Mashariki, na vinyonga wa pembe mbili wa kule Amani si wale wa Lushoto. Vitabu vya zamani viliwaita wote fischeri. Wataalamu waliwatenganisha mwaka 2008. Mwongozaji anayetumia jina hilo hadi leo hakudanganyi, ila kitabu chake kimezeeka. (Jina Kinyongia lenyewe, lililotolewa mwaka 2006, limetokana na neno letu kinyonga.)

Tahadhari moja haina mzaha. Si kila chenye pembe ni kinyonga. Katika vichaka vya misitu hii huishi nyoka mfupi mwenye sumu, Atheris ceratophora, ambaye ana magamba yaliyochongoka juu ya kila jicho. Majani yakimficha mwili, ukaona kichwa tu, tazama macho. Jicho la kinyonga limefunikwa ngozi likabaki tundu dogo, na kila jicho huzunguka peke yake. Jicho la nyoka huyu liko wazi, na mboni yake imesimama wima kama ya paka. Usipokuwa na hakika, usinyooshe mkono. Aliyeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali mara moja.

Kinyonga mwenyewe hana sumu, ingawa wapo wanaomwogopa hadi kumpiga mawe. Anayehatarishwa zaidi ni yeye. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wanyamapori bila kibali, na mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Fedha inayotolewa kwa kinyonga wa kijitini humtuma mtoto arudi msituni kumtafuta mwingine. Kataa kwa upole. Hata ukiambiwa kwamba ni zawadi, usikubali kuondoka naye.

Kinachostahili malipo ni huduma ya mwongozaji. Patana naye bei kabla ya safari, uliza kama ushuru wa hifadhi umo ndani yake, na udai risiti. Mwongozaji mzuri atakuonyesha kinyonga akiwa pale pale tawini, naye hatakerwa ukiuliza amemtambuaje.

Ukitaka kupata jina baadaye, piga picha tatu bila kumgusa: kichwa kutoka ubavuni, mwili mzima, na kichaka alichokuwamo. Andika tarehe na jina la njia. Picha ya mgongo peke yake, hata iwe nzuri namna gani, mara nyingi haitoshi kumtofautisha jike wa pembe mbili na majirani zake.