BAHARI YA CHUMVI: Utaelea bila kujua kuogelea, ila usilete mbwembwe!

WEWE mtoto wa mjini ambaye kila Jumapili unaishia kulowesha vidole vya miguu pale Coco Beach kwa sababu kuogelea hujui, leo tuna habari yako. Kuna maji duniani ambayo hata ukitaka kuzama, yanakukatalia. Unalala chali, unanyoosha miguu, unakunja mikono kifuani kama uko kwenye kochi la sebuleni. Watu wengine hubeba hadi gazeti wakasoma humo humo.

Maji hayo yanaitwa Bahari ya Chumvi. Jina lisikuzuge, maana si bahari, ni ziwa. Mashariki yake kuna Yordani, magharibi kuna Israeli na Ukingo wa Magharibi wa Wapalestina. Vikundi vya hija kutoka Dar, Nairobi na kwingineko hupita hapo wakishamaliza Bethlehemu na Yeriko. Vijana wetu wanaokwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo nao hufika siku za mapumziko. Kwa wengi ni safari ya siku moja tu: asubuhi mnatoka, mnaelea, mnapaka tope, jioni mko kitandani.

Lakini tulia kwanza, mshikaji. Maji hayo hayo yanayokubeba kama mtoto mgongoni huua watu. Tena huwaua wale wanaodhani kwamba mahali ambapo mtu hazami, hawezi kufa. Ndiyo maana leo tunakupa raha yenyewe na adabu yake.

CHUMVI YA KUFA MTU

Chukua lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi uyachemshe mpaka yakauke. Chini ya sufuria utabaki na chumvi kama gramu 35. Fanya hivyo hivyo na lita moja ya Bahari ya Chumvi, utapata zaidi ya gramu 300. Karibu mara kumi! Kwa hiyo maji yale ni mazito. Lita moja ya maji ya kawaida ina kilo moja, ile ya kule inapita kilo 1.2. Mwili wako, lita kwa lita, ni mwepesi kuliko hayo maji, kwa hiyo karibu sehemu moja ya tano yako inabaki nje. Wewe ni kama kizibo cha chupa tu.

Chumvi yote hiyo imetoka wapi? Mto Yordani na vijito vingine vinaingiza maji pale, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji yakishaingia, njia ya kutokea ni moja tu, kukaushwa na jua. Jua linachukua maji, madini yanabaki. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka utapata ziwa lisilo na samaki hata mmoja, wala mwani wa kukusumbua miguuni. Wanaoishi humo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Na usidhani ni chumvi ile ya kutia kwenye chipsi. Nyingi ni ya magnesiamu, na ndani yake mna kalsiamu, potasiamu na bromini. Ndiyo maana maji yake hayana tu chumvi, ni machungu, na yanateleza mkononi kama umeshika mafuta.

Mambo haya watu wameyajua zamani. Mwanahistoria Josephus, wa karne ya kwanza, aliandika kwamba jenerali wa Kirumi Vespasian alipofika pale aliamuru watu wasiojua kuogelea wafungwe mikono kwa nyuma na kutupwa kwenye kina. Wote wakaibuka juu. Ukatili mtupu, lakini jibu alilipata.

MTEREMKO KAMA WA LUSHOTO

Kutoka Yerusalemu kwa gari ni chini ya saa moja. Kutoka Amman, mji mkuu wa Yordani, muda ni karibu huo huo. Kote kuwili ni mteremko mwanzo mwisho. Yerusalemu iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, na ufukwe wa ziwa uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa huo. Yaani umeteremka zaidi ya mita 1,100! Anayeijua barabara ya Lushoto kwenda Mombo apige picha ya mteremko ule, halafu auongeze kidogo. Masikio yataziba, meza mate yazibuke. Hapo umefika kwenye nchi kavu ya chini kuliko zote duniani.

Miezi ya Julai na Agosti joto linaweza kupita nyuzi 40, kwa hiyo mwenye akili huenda asubuhi na mapema, au anangoja miezi ya baridi. Chagua ufukwe wa kulipia wenye waokoaji na shawa za maji baridi. Kutafuta kona ya bure isiyo na mtu ili kubana matumizi ni kujitafutia balaa, na sababu utaiona mbele.

La usalama wa nchi nalo si la kupuuza. Tangu vita vilipoanza Oktoba 2023 eneo lile limekuwa na misukosuko. Kabla hujalipa nauli, uliza ubalozi na wakala wa safari hali ikoje wiki hiyo hiyo.

NAMNA YA KUINGIA

Kwanza, wembe. Usinyoe ndevu, miguu wala kwapa siku hiyo wala siku moja kabla. Kidonda kidogo ambacho hukukumbuka kama unacho, maji yale yatakukumbusha. Hapo ndipo utawaona mabaharia waliotoka saluni asubuhi wakirukaruka kama wamekanyaga siafu.

Pili, vua cheni na pete za silva, zitageuka nyeusi. Vaa nguo ya kuogelea ya zamani, usiende na ile mpya uliyoitoa dukani jana. Miguuni vaa ndala za kufunga, maana chumvi iliyoganda kwenye mawe inakata kama kigae.

Tatu, tembea taratibu mpaka maji yafike magotini au mapajani. Geuka, ulipe ziwa mgongo, chuchumaa kama unakaa kwenye kigoda. Miguu itainuka yenyewe. Hapo wengi huangua kicheko, hata wale wazee wa hija waliokuja na sura za ibada. Acha mwili ulegee, shingo isikaze, angalia mbinguni.

Nne, kutoka. Usijipindue! Vuta magoti kifuani, kandamiza maji kwa mikono, shusha nyayo mpaka zikanyage chini, ndipo usimame.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha, ukizidisha sana 20. Ukitoka, kimbilia shawa uoge maji baridi, unywe maji ya kutosha. Ukitaka tena, pumzika kwanza. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, na mama mjamzito, aongee na daktari kabla ya safari. Asingoje kuuliza akiwa ufukweni.

KINACHOUA NI HIKI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mtu anakufaje kwenye maji yasiyozamisha?

Anakufa kwa kulala kifudifudi. Jamaa anataka kuwaonyesha washkaji mitindo ya kuogelea, anajitupa kwa tumbo. Maji yanainua miguu na makalio juu, uso unakwenda chini. Akijaribu kusimama, miguu haishuki. Akijaribu kujigeuza, maji yanamkatalia kama yalivyokatalia kuzama. Chumvi inaingia machoni, haoni kitu, anapagawa, anavuta pumzi, anameza. Kina chenyewe huenda hakifiki kiunoni!

Maji yale yakiingia kwenye mapafu yanayaunguza. Yakimezwa, kalsiamu na magnesiamu hupanda ghafla kwenye damu, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Kwa hiyo mtu aliyemeza mafunda kadhaa hapelekwi kivulini akapumzike na soda. Anapelekwa hospitali, hata kama anasema yuko poa.

Ndiyo sababu kule ni marufuku kurushiana maji, kupiga mbizi, kusukumana na michezo yote ya Coco. Tone likiingia jichoni, usifikiche kwa mkono uliolowa. Tulia, toka taratibu, jimwagie maji baridi. Watu wazoefu huacha chupa ya maji safi karibu na wanapoelea. Na kamwe usiingie peke yako.

TOPE NA WAREMBO

Ukishaoga, kuna tope jeusi. Unajipaka mwili mzima, unakaa kama robo saa likauke, kisha unaoga. Ngozi inabaki laini, hilo ni kweli. Watu wenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kutoka magamba, husafiri kutoka Ulaya kwenda kutibiwa pale kwa maji na jua, na madaktari wanakubali kwamba wengi wao hupata nafuu. Nafuu, si kupona kabisa. Kwa dada zetu wanaotegemea kutoka humo weupe: utangoja sana, na rangi yako ilikuwa nzuri tangu mwanzo.

ZIWA LINATOROKA

Kama unayo nia ya kwenda, usiseme ziwa lipo tu siku zote. Linakimbia. Kila mwaka maji yanashuka zaidi ya mita moja. Tangu miaka ya 1960 yameshuka zaidi ya mita 40, yaani ghorofa kama kumi na mbili hivi!

Hapa mchawi ni mtu. Mto Yordani zamani ulimwaga maji kwa nguvu. Mwaka 1964 Israeli ilianza kuyasafirisha kwa mabomba na mifereji maji ya Ziwa Galilaya, ambako mto huo unapita. Syria ilijenga mabwawa kwenye Mto Yarmuki, na Yordani nayo ikachimba mfereji wake wa mashamba. Kila mmoja ana watu wa kulisha na kunywesha, na kila mmoja kachota. Kinachofika leo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya maji ya zamani. Juu ya hapo, viwanda vya pande zote mbili huvuta maji ya ziwa, huyaanika kwenye mabwawa na kutoa potashi ya mbolea. Sehemu ya kusini ya ziwa ilishakauka. Yale maji ya buluu unayoyaona mbele ya hoteli za Ein Bokek ni bwawa la kiwanda linalojazwa kwa pampu.

Maji yakirudi nyuma yanaacha matabaka ya chumvi ardhini. Maji baridi ya chini ya ardhi yanapita, yanaiyeyusha chumvi, panabaki pango. Siku moja paa linaporomoka. Sasa kando ya ziwa kuna maelfu ya mashimo ya namna hiyo. Yamekula mashamba ya mitende, yamekula barabara, na fukwe zilizojaa watalii zimefungwa. Pale Ein Gedi bafu la kitalii lililojengwa miaka ya 1980 karibu na maji lilijikuta mbali kabisa, mpaka wateja wakawa wanapelekwa ziwani kwa tela la trekta. Unaona sasa kwa nini ile kona ya bure isiyo na mtu si ya kuchezea? Ukikuta kibao cha hatari, geuka.

Mwaka 2013 Israeli, Yordani na Wapalestina walitia saini makubaliano ya kuleta maji kutoka Bahari ya Shamu. Bomba hilo halijajengwa, na ziwa linazidi kushuka.

NA YETU JE?

Najua kuna mjanja keshaanza kusema, "Kwani sisi hatuna? Si kuna Natron?" Mwambie anyamaze. Natron yetu, na Magadi ya Kenya, ni maziwa ya magadi. Maji ya Natron ni makali kiasi cha kuunguza ngozi na macho. Waachie heroe walioumbwa nayo, wewe pigia picha ukingoni. Kule Katwe, Uganda, watu hushinda ndani ya maji ya chumvi, lakini wanachimba riziki, na ngozi zao hulipia gharama. Si kila maji ya chumvi ni ya starehe.

Haya, umesikia. Anza kibubu mapema, maana nauli si ya daladala. Ukifika, lala chali, funga mdomo, hesabu dakika zako. Maji yatakubeba, akili ubebe mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.