Kushiriki na Kukaa Tu: Chanzo cha Malipo katika Mtandao wa Steem

Tarehe 4 Julai 2016, mtandao mmoja wa mawasiliano ulioanzishwa nchini Marekani uliwalipa wanachama wake kwa mara ya kwanza kwa makala, picha na maoni waliyokuwa wameyaweka humo. Mtandao huo uliitwa Steemit, na daftari la hesabu zake liliitwa Steem. Waanzilishi wake walikuwa Ned Scott na Dan Larimer. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Katika mitandao mingine ya kijamii mamilioni ya watu huandika bure, na mapato ya matangazo ya biashara huchukuliwa na kampuni inayomiliki mitambo. Katika mtandao huu mpya anayeandika angelipwa, na anayesoma na kupima maandishi ya wenzake angelipwa pia.

Ahadi hiyo iliwavuta watu wengi. Katika Julai hiyo hiyo bei ya sarafu moja ya Steem ilipanda hadi kiasi cha dola 4 za Marekani. Mapema mwaka 2017 ilikuwa haifikii senti 10. Januari 2018 ilipita dola 7, kisha ikaporomoka tena. Habari za bei ndizo zilizozungumzwa zaidi. Hata hivyo, lenye mafunzo makubwa zaidi ni suala la mgawanyo: katika mtandao wa namna hii, mtu hulipwa kwa sababu ameshiriki, au hulipwa kwa sababu ana mali na amekaa nayo?

Hapana budi kwanza kueleza daftari lenyewe. Steem ni blokucheni, yaani daftari la hesabu ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, na kila ukurasa wake umefungamanishwa na ukurasa uliotangulia kwa alama ya kihesabu, kama pete za mnyororo. Mtu akibadili neno moja katika ukurasa wa zamani, alama zote zinazofuata hazitalingana, na udanganyifu utaonekana. Katika Steem ukurasa mpya huandikwa kila baada ya sekunde 3. Wanaouandika huitwa mashahidi. Katika kila zamu huwa 21: 20 kati yao ni wale waliopata kura nyingi zaidi, na mmoja huchukuliwa kwa zamu kutoka miongoni mwa waliobaki.

Sarafu za daftari hilo zilikuwa za namna mbalimbali, lakini tofauti iliyo muhimu hapa ni moja tu. Kulikuwa na sarafu huru, ambayo mwenyewe aliweza kuiuza saa yoyote, na sarafu iliyofungwa, ambayo haikuweza kutoka ila kidogo kidogo. Hapo awali kuifungua kulichukua wiki 104; Desemba 2016 muda huo ukapunguzwa kuwa wiki 13. Aliyefunga sarafu zake alipata nguvu ya kupiga kura, na kadiri alivyofunga nyingi ndivyo kura yake ilivyokuwa nzito.

Sasa, fedha za malipo zilitoka wapi? Hazikutoka katika matangazo, wala katika ada za wasomaji. Daftari lenyewe liliumba sarafu mpya. Kuanzia Desemba 2016 ongezeko hilo liliwekwa kuwa asilimia 9.5 kwa mwaka, likipungua polepole kwa muda wa miaka 20 hivi hadi kufikia asilimia 0.95. Katika kila sarafu 100 mpya, 75 zilikwenda katika mfuko wa waandishi na wapiga kura, 15 ziligawiwa wenye sarafu zilizofungwa, na 10 walipewa mashahidi.

Hesabu ndogo itaonyesha maana ya mgawanyo huo. Na tuseme daftari lina sarafu 100,000 na zote zimefungwa. Mwanachama mmoja ana sarafu 1,000, yaani asilimia 1 kamili ya mali yote. Mwanachama huyo haandiki, hasomi, wala hapigi kura, amekaa tu. Mwaka unapokwisha, sarafu mpya 9,500 zimeumbwa. Fungu la waliofunga ni 1,425, na sehemu yake katika fungu hilo ni 14.25. Sasa ana sarafu 1,014.25, na kwa macho yake mali imeongezeka. Lakini daftari zima sasa lina sarafu 109,500. Sehemu yake imeshuka kutoka asilimia 1 hadi asilimia 0.93 hivi. Alipewa riba kwa mkono mmoja, akapunguziwa kwa mkono mwingine, na kilichopunguzwa kilikwenda kwa wale walioandika na kupiga kura.

Wabunifu wa mtandao walikusudia iwe hivyo. Aliyekaa tu alitakiwa aone mali yake ikiyeyuka kidogo kidogo, ili asukumwe kusoma na kupima kazi za wenzake. Kwa karatasi, mpango huu hauna kasoro kubwa. Kasoro ilikuwa katika jambo moja ambalo halikupewa uzito wa kutosha: kusoma huchukua muda, na daftari halina njia ya kujua kama mtu amesoma.

Jambo hilo lastahili kuelezwa kwa kirefu. Kura ya Steem haikuwa ya mtu bali ya sarafu. Katika chama cha ushirika mwanachama mmoja ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Hapa utaratibu ulikuwa kama wa kampuni ya hisa. Mpaka Juni 2017 hali ilikuwa kali zaidi, kwa kuwa malipo yalikokotolewa kwa kipeo cha pili cha uzito wa kura: uzito uliozidi mara 10 ulileta malipo yaliyozidi mara 100. Baadaye kanuni hiyo ilinyooshwa, lakini msingi haukubadilika. Malipo ya makala yalikamilika siku ya 7, na kwa kawaida robo tatu alipewa mwandishi, robo moja wakagawana waliompigia kura.

Nguvu ya kura ilikuwa kama maji katika mtungi. Kura moja kamili ilipunguza asilimia 2, na mtungi ulijijaza asilimia 20 kwa siku. Kwa hiyo mwanachama aliweza kupiga kura 10 kamili kila siku bila kuumaliza. Kusoma makala 10 kwa makini ni kazi ya saa moja au mbili. Mwenye sarafu 50 aliyesoma kwa bidii alipata kipato kisichotosha hata kutajwa. Mwenye sarafu 50,000 aliyepiga kura zake bila kutazama alipata mara elfu moja zaidi. Juhudi ya kusoma haikuingia katika hesabu hiyo mahali popote. Na kwa kuwa mtungi uliojaa haukuongezeka tena, kura isiyopigwa ilikuwa hasara. Kwa hiyo mwenye mali alitakiwa kupiga kura, lakini hakuwa na sababu ya kusoma.

Matokeo yake yangeweza kutabiriwa. Kwanza zilitokea programu za kupiga kura zenyewe. Kanuni iliwapendelea waliotangulia kuichagua makala iliyokuja kupendwa baadaye, lakini waliopiga kura katika dakika 30 za mwanzo walikatwa sehemu ya malipo yao. Basi wanachama waliziagiza programu zao ziwapigie kura waandishi fulani karibu na dakika hiyo ya 30, kila siku, wawe wameandika jambo la maana au la. Kilichopimwa tena si makala bali jina la mwandishi.

Hatua ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwaka 2017 daftari liliruhusu mtu kukaimisha nguvu yake ya kura kwa akaunti nyingine huku sarafu zikibaki zake. Nia ilikuwa njema: wanachama wapya wasio na kitu waazimwe nguvu. Lakini muda si muda zikatokea roboti za mnada. Mwandishi alituma sarafu kwa roboti pamoja na anwani ya makala yake; kila baada ya saa 2 na dakika 24, ambao ndio muda wa mtungi kujijaza asilimia 2, roboti iligawa kura yake kamili kwa wote waliotuma, kila mmoja kwa kadiri ya alichotoa. Fedha zilizokusanywa walipewa wale waliokaimisha. Hivyo mwenye mali aliweza kulala usingizi na bado akapokea sehemu ya mfuko uliokusudiwa kuwa ujira wa kuandika na kusoma. Ukurasa wa mbele, ambao ulipaswa kuonyesha makala yaliyopendwa, ukawa ubao wa matangazo wa waliolipia. Msomaji mgeni aliyefika hapo aliyakuta makala duni yenye malipo makubwa, na si ajabu kama hakurudi.

Wengine waliwalaumu wenye roboti kwa tamaa. Lawama hiyo haielezi mengi. Roboti zilifuata kanuni iliyokuwa imeandikwa, na aliyekataa kuzitumia aliona sehemu yake ikishuka, kama ilivyoonyeshwa katika hesabu ya hapo juu. Agosti 2019 kanuni ilibadilishwa: mwandishi na wapiga kura wakaanza kugawana nusu kwa nusu, na kila mwanachama akapewa akiba ya kura za kupinga ambazo hazikupunguza mtungi wake. Kupiga kura mwenyewe kukawa na faida inayokaribia ile ya kukaimisha, na wauzaji wengi wa kura wakafunga biashara zao.

Lakini kulikuwa na ukaaji mwingine, ambao haukuzungumzwa sana mpaka ulipoleta msukosuko. Mbali na kura za makala, kila aliyefunga sarafu aliweza kuchagua mashahidi hadi 30, na kila mmoja kati ya hao alipata uzito kamili wa sarafu za mchaguzi. Kwa hiyo aliyewazidi wengine wote kwa uzito aliweza kuvijaza viti vyote 20, si sehemu yake tu. Pia kulikuwa na wengi walioacha sarafu zao katika masoko ya kubadilishia fedha, wakingoja bei ipande. Katika blokucheni mwenye ufunguo wa siri ndiye mwenye mali. Sarafu iliyoachwa sokoni iko chini ya ufunguo wa soko. Mwenyewe ana deni analodai, hana kura.

Tarehe 14 Februari 2020 ilitangazwa kwamba kampuni ya Steemit imenunuliwa na Justin Sun, mwanzilishi wa blokucheni ya Tron. Kampuni hiyo ilikuwa na takriban sehemu moja kwa tano ya sarafu zote, ilizojipatia katika siku za mwanzo na ambazo wanachama waliahidiwa kuwa zingetumika kuukuza mtandao. Mashahidi waliingiwa na hofu, na kabla ya mwezi kwisha wakabadili programu ili sarafu hizo zisiweze kupiga kura. Tarehe 2 Machi jibu lilikuja. Masoko ya Binance, Huobi na Poloniex yalizifunga sarafu za wateja wao na kuzipigia kura, na siku hiyo hiyo mashahidi wote 20 waliondolewa na wengine kuwekwa mahali pao. Sarafu zilizopiga kura zilikuwa za watu waliokuwa wamekaa tu, wengi wao bila kujua kwamba uchaguzi unafanyika. Na kwa kuwa zilikuwa zimefungwa, hazikuweza kutoka tena ila kwa mafungu ya wiki 13.

Binance na Huobi baadaye waliziondoa kura zao, na wanachama wakajikusanya wakarudisha baadhi ya mashahidi wa zamani, lakini hakuna upande uliopata viti vya kutosha kuubadili mfumo. Tarehe 20 Machi 2020 kundi kubwa la wanachama lilinakili daftari zima na kuanzisha jingine, Hive, likiwapa watu sarafu sawa na walizokuwa nazo, isipokuwa hisa za kampuni na za baadhi ya waliouunga mkono upande wake. Huko Steem, Mei 2020, mashahidi wapya walibadili programu na kuchukua sarafu zaidi ya milioni 23 kutoka akaunti 64. Daftari linalosifiwa kuwa halifutiki lilibaki halifutiki; waliobadilika ni wenye kalamu.

Wajenzi wa Hive waliandika kanuni mpya kutokana na mambo hayo. Oktoba 2020 iliwekwa kanuni kwamba sarafu iliyofungwa isiweze kuchagua mashahidi mpaka zipite siku 30, ili soko lisiweze kushtukiza. Juni 2021 yaliongezwa mawili. Kura zote za makala zinazopigwa katika saa 24 za mwanzo zililinganishwa thamani, na mbio za dakika zikaisha. Pia, mtu akikaa mwaka mzima bila kushiriki katika uchaguzi wa mashahidi au wa miradi, kura zake za zamani hufutwa zenyewe.

Wasiopenda kushiriki hawakusahauliwa. Hive ina sarafu ya pili inayofungamanishwa na thamani ya dola, na anayeiweka katika akiba hupewa riba. Mwaka 2022 riba hiyo ilifikia asilimia 20. Haikutokana na biashara yoyote ya nje. Ni sarafu mpya tena, zinazoandikwa na daftari lile lile, na kiwango chake hupangwa na mashahidi waliochaguliwa na wale wanaopiga kura.