Ndai ya Mzae Ing'ae Hadi Kwa Jua

Wasee wa ndai za kitambo, form ni hii. Umetoa doh zako, umepeleka DX ya mzae kawoshi, jamaa akachapa bafa kutoka boneti hadi buti, ukarudishiwa kitu inawaka noma. Wiki chache mbele, uko petroli stesheni saa saba mchana, unacheki boneti unaona mistari ya kijivu imezunguka vile pedi ilipita. Huo ukungu haukuja jana. Ulikuwa hapo tangu siku ile, umefunikwa na mafuta ya polishi, na vile mvua na sabuni zimeyaosha, rada imejulikana.

Kompaundi kazi yake ni kukwaruza. Inakula rangi iliyopauka ndio ile freshi ya chini itokee, na kila mahali imekula imeacha alama. Mashine ya rotari inazunguka tu, kitu 600 hadi 3,000 kwa dakika, na ukiifunga pedi ya sufi inachora ile mistari ya mawimbi. Mashine ya DA, yaani dual action, inazunguka huku inatikisika, alama zake hazifuatani, ndio maana nawaambia wasee waanze na hiyo. Lakini hata DA, ukiiweka pedi ngumu kwa rangi laini, itaacha kawingu ka kijivu.

Na hizi ndai za zamani ndio ziko na rangi laini. Nyingi za miaka ya 70 hazina klia, ile layer angavu ya kufunika rangi, ni rangi hadi juu, jua limeichoma mpaka nyekundu imekuwa pinki. Kujua yako iko wapi, weka tone la polishi kwa kitambaa cheupe, sugua mahali pamejificha, chini ya mlango hivi. Kitambaa kikibeba rangi ya ndai, hapo hakuna klia. Ikiwa iko, chunga pia: ya kiwandani huwa kama maikroni 40 au 50, nyembamba kuliko unywele wako. Ukiona imeanza kubambuka, wachana na bafa kabisa, hiyo ni kazi ya fundi wa kupiga rangi.

Sasa cheki pedi ikiwa kazini. Boneti nyekundu haijafika nusu na sponji imekuwa nyekundu pyu, imeshiba unga wa rangi iliyokufa. Wengi wanaendelea tu, na hapo ndio ngori huanzia, juu pedi imejaa haikati tena, inaburuta uchafu juu ya rangi. Isugue na brashi kila ukimaliza kipande, na uwe na zingine kavu kando. Kipande chenyewe kisizidi nusu mita kwa nusu mita. Fanya kivulini, bodi ikiwa baridi, juu mabati ya moto hukausha polishi kabla haijafanya kazi. Kingo na mikunjo ya bodi zifunike na tepu, rangi huko ni kidogo sana.

Round ya kwanza ikiisha, bado hujamaliza, na hapa ndio mafundi wengi wa mtaa wanatuangusha. Toa kompaundi yote. Vaa sponji laini mpya, weka polishi ya mwisho, matone matatu manne, pitisha mkono polepole, na mapito ya mwisho usikandamize, uzito wa mashine unatosha. Ukungu ukibaki, rudia hiyo hiyo laini. Usikimbilie waksi, juu waksi inajaza tu mikwaruzo na kuificha.

Mi hizi mashine za wazee wetu nazipenda kishenzi. Kuona Peugeot 504 imesimama nje Ngong Racecourse siku ya Africa Concours d'Elegance, jua liko utosini na rangi haina hata alama ya pedi, unajua kuna msee alikubali kurudia kazi.

Bas kabla utoe ganji, mwambie fundi apanguse paneli moja na alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, mafuta yote yatoke, kisha msukume ndai nje kwa jua mcheki pamoja. Iko safi? Apake waksi, umlipe vizuri, hata umwongezee ya lunch. Akikataa kupangusa, weka ganji mfukoni utafute mwingine.