Kutoka "Nimonia Isiyo ya Kawaida" hadi Jina la Bakteria: Lugha ya Majibu ya Vipimo vya Kimolekuli

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi vipimo vya kimolekuli vinavyobaini bakteria wanaosababisha nimonia iitwayo isiyo ya kawaida, na inachunguza maneno ya Kiswahili yanayobeba majibu yake. Inahoji kwamba jibu sahihi la maabara linaweza kuzaa uamuzi potofu iwapo lugha yake haibainishi kilichopimwa.

1. Jina na utata wake

Mwaka 1938 daktari Mmarekani Hobart Reimann alieleza wagonjwa wa mapafu ambao dalili zao hazikufanana na za nimonia iliyozoeleka. Leo visababishi vikuu vya kibakteria vya kundi hilo ni Mycoplasma pneumoniae, Chlamydia pneumoniae na jenasi ya Legionella. Tafsiri "isiyo ya kawaida" ina maana mbili: isiyofuata dalili zilizozoeleka, na isiyotokea mara kwa mara. Maana iliyokusudiwa ni ya kwanza, kwa kuwa mikoplazma ni kisababishi cha nimonia kinachoonekana mara nyingi kwa watoto wa umri wa shule na vijana. Mshauri wa sera akishika maana ya pili, hataona sababu ya kutenga fedha za kupima ugonjwa anaoudhania kuwa nadra.

Athari yake hufika hadi kwenye dawa. Penisilini na amoksisilini hushambulia ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria. Mikoplazma hana ukuta huo, hivyo dawa hizo hazifui dafu kwake.

2. Namna kipimo kinavyofanya kazi

Kumwotesha mikoplazma maabarani huchukua wiki kadhaa. Kulinganisha kingamwili huhitaji damu ichukuliwe mara mbili, kwa tofauti ya wiki 2 hadi 4. Kwa njia zote mbili, jibu huja wakati uamuzi wa tiba umekwisha kufanywa.

Kipimo cha PCR, ambacho mbinu yake ilibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, hutafuta kipande mahususi cha DNA ya bakteria katika makohozi au ute wa koo. Sampuli hupashwa joto na kupozwa kwa mizunguko, na katika kila mzunguko kimeng'enya hunakili kipande hicho. Kinadharia, kipande kimoja huzaa nakala zaidi ya bilioni 1 baada ya mizunguko 30. Jibu hupatikana kwa saa chache.

3. Sarufi ya jibu

Tuzingatie sentensi mbili: "DNA ya mikoplazma haikubainika katika ute wa koo" na "Mgonjwa hana mikoplazma". Katika sentensi ya kwanza kiima ni DNA, na kauli imewekewa mpaka wa sampuli. Katika ya pili kiima ni mgonjwa, na mpaka huo umetoweka. Maabara ina ushahidi wa sentensi ya kwanza pekee. Huenda sampuli ilichukuliwa vibaya, au ilitoka kooni ilhali Legionella yumo ndani ya mapafu, ambako makohozi yangefaa zaidi. Huenda pia bakteria aliyesababisha ugonjwa hakuwa miongoni mwa waliolengwa na kipimo.

Hadhari hiyohiyo inahitajika jibu linapokuwa chanya. Mikoplazma huweza kukaa kooni mwa mtoto asiye na dalili yoyote, na DNA hubaki hata baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo "imebainika" haimaanishi moja kwa moja "ndicho kisababishi". Hukumu hiyo ni ya tabibu anayemwona mgonjwa.

4. Hitimisho na mapendekezo

Jina la jumla lilifaa wakati visababishi havikujulikana. Sasa kipimo kinapoweza kumtaja bakteria, lugha nayo imtaje. Tunapendekeza ripoti za Kiswahili ziandike "nimonia ya mikoplazma" au "nimonia ya lejionela" pale tabibu anapothibitisha. Zitaje aina ya sampuli. Na ziorodheshe bakteria wote waliolengwa, wakiwemo wasiobainika. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi nzuri ya kuratibu usanifishaji huu pamoja na wataalamu wa maabara, kwa kuwa wagonjwa wetu huvuka mipaka wakiwa na ripoti zao mkononi, na tabibu wa upande wa pili hana budi kuzielewa kama zilivyokusudiwa.